Chungu cha Nyumbani Katika Mwaka wa Korona

Ukurasa huu kwa kawaida huzungumza habari za karafuu: uchumaji wake, uanikaji wake, makonyo na magunia. Safari hii Katibu anaomba ruhusa ya kuingia jikoni. Sababu ni kwamba katika mazungumzo yetu limezuka shauri la kukata mishelisheli na migomba, na kuondoa mihogo na majimbi yaliyomo ndani ya mashamba, ili miche ya mikarafuu ipate nafasi zaidi. Wanaotoa shauri hilo ni watu wa akili na hesabu zao si mbaya. Lakini kila nilisikiapo hukumbuka miezi ile ya mwaka 2020, kabla ya msimu, ambapo mifuko ilikuwa mitupu na watoto wote wamo nyumbani.

Ugonjwa wa korona ulitangazwa kuwa janga la dunia nzima tarehe 11 Machi 2020. Tarehe 16 Tanzania ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza, huko Arusha, na siku chache baadaye akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa huku Visiwani. Skuli zikafungwa, ndege za watalii zikasimama, mikusanyiko ikazuiwa. Sisi hatukufungiwa ndani kwa amri kama walivyofungiwa wenzetu wa miji mingine. Misikiti iliendelea na sala, na mwenye shamba alikwenda shambani kwake. Hata hivyo mambo yalibadilika kuliko tulivyotazamia. Vijana wetu waliokuwa wakifanya kazi katika mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa na Paje walirejea Pemba mmoja mmoja, kila mtu na begi lake, kwani mahoteli hayakuwa na wageni. Fedha waliyokuwa wakiipeleka kwa mama zao kila mwezi ikakatika, na juu ya hayo wao wenyewe wakaongezeka katika sinia. Nyumba iliyokuwa ikipika vibaba vitatu ikawa yahitaji sita.

Mchele ndio uliotutia hofu mwanzo. Kila mtu ajua kwamba mchele mwingi tunaoula Unguja na Pemba watoka ng'ambo kwa meli, nasi tumeuzoea hata mtu akila muhogo mchana husema kwamba bado hajala. Basi watu walipoanza kununua kwa magunia, wale wenye fedha, wengine walibaki wakitazama. Hapo ndipo kina mama walipogeuza uso wakatazama nyuma ya nyumba.

Shelisheli lilirudi katika heshima yake. Tunda hili watu wengi wa mjini walikuwa wamelifanya chakula cha kuonja tu, cha kukaanga kama mbatata na kutia chumvi. Mwaka ule lilikuwa chakula chenyewe. Lilichomwa juu ya makaa mpaka ganda likawa jeusi, likapasuliwa, likaliwa na samaki wa kuchoma na pilipili. Lilipikwa kwa nazi: huchaguliwa lililokomaa ila bado halijaiva, likamenywa, likatolewa moyo, likakatwa vipande, likachemshwa kwa tui la pili pamoja na chumvi, kitunguu na pilipili mbichi, na likishalainika ndipo hutiwa tui la kwanza, na moto hupunguzwa tui lisije likakatika. Ukiwa na kipande cha ng'onda kilichorowekwa, kitie. Mtu akishakula sahani ya chakula hicho mchana, hana haja ya kuulizia mchele mpaka usiku.

Ukaja na muhogo, wa nazi na wa kuchemsha, pamoja na kisamvu chake, ambacho hutwangwa sana katika kinu na kupikwa muda mrefu. Zikaja ndizi mkono wa tembo, majimbi na viazi vikuu. Tena likaja bada. Nasema likaja kwa kuwa nyumba nyingi za vijana zilikuwa hazijalipika kabisa. Bibi mmoja wa jirani yetu alikuwa akiitwa nyumba hata nyumba awafunze wakeze wajukuu jinsi ya kulisonga bila ya kufanya madonge, naye alikuwa akienda kwa furaha na maneno mengi, akiwa amejifunga barakoa. Hapa niseme jambo dogo: barakoa kwa wazee wetu lilikuwa vazi la uso la mabibi wa Kimanga, nasi tulilijua kwa picha na hadithi. Mwaka 2020 jina hilo likapewa kitambaa cha kila mtu, hata mchukuzi wa bandarini.

Sasa ni haki kueleza kazi ile ilimwangukia nani. Ilimwangukia mwanamke. Watoto wasiokwenda skuli huona njaa kila saa mbili, na mwanamume asiye na kazi huuliza chai mara tatu kabla ya adhuhuri. Chakula cha shamba kina kazi kuliko mchele. Mchele huchaguliwa, huoshwa na kutelekwa. Lakini muhogo wachimbwa, wachukuliwa kwa pakacha, wamenywa, na nazi zake zakunwa. Tena kuna maji ya kuosha mikono, ambayo mwaka ule yalihitajika zaidi, na katika vijiji vingine maji hayo huchotwa mbali. Wanaume wengine walisaidia. Nawajua wanachama wetu watatu waliokaa juu ya mbuzi wakakuna nazi mbele za watu pasi na kuona haya, na mmoja wao, ambaye nisipomtaja jina atanishukuru, alijifunza kupika mkate wa kumimina hata ukawa hauna kasoro. Lakini hao ni watatu. Wengi wetu tulikaa barazani tukizungumza habari za ugonjwa.

Mwezi wa Ramadhani ulituingilia katika hali hiyo, mwishoni mwa Aprili. Futari haikupungua, kwani futari yetu tangu zamani ni ya mizizi na ndizi, na uji wa pilipili manga hauhitaji meli. Kilichopungua ni watu kuizunguka. Desturi yetu ni sinia moja na mikono mingi, na mpita njia aitwe kabla ya adhana kwisha. Mwaka ule waliokuwa wakifuata maneno ya madaktari walipakua kila mtu sahani yake, na mpita njia akapelekewa bakuli mlangoni. Wazee wengine waliona hayo ni kama kufarakana. Mimi naona bakuli lile lilikuwa na adabu yake, kwa sababu aliyepeleka alikuwa amemfikiria mwenziwe mapema, tangu alipokuwa akipakua.

Wenzetu wa Mombasa walipata zaidi ya hayo. Huko amri ya kutotoka usiku, tangu saa moja ya magharibi mpaka saa kumi na moja alfajiri, ilianza tarehe 27 Machi katika Kenya nzima, na misikiti na makanisa yalikuwa yamekwisha simamisha ibada za jamaa. Kisha tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale ulifungwa: hapana kuingia wala kutoka, na mikahawa yote ikafungwa. Amri hiyo ilidumu mpaka tarehe 6 Juni, hata Sikukuu ya Idi ikapita ndani yake. Wengi wetu tuna jamaa huko, na simu zilikuwa haziishi. Anayeijua mitaa ile katika Ramadhani ajua kwamba kuanzia alasiri vichochoro vyote hunukia viazi karai, bajia, kaimati na sambusa, na nyumba nyingi hununua vitafunio hivyo mlangoni badala ya kuvipika. Mwaka ule kila nyumba ilipika vyake, na waliokuwa wakiishi kwa kuuza vitafunio walibaki na unga wao. Tarawehe zikasaliwa sebuleni, baba akiwa imamu wa wanawe. Maskati nako mkoa mzima ulifungwa tangu tarehe 10 Aprili mpaka tarehe 29 Mei, na ndugu zetu wanaosema Kiswahili wa huko walipitisha Idi yao majumbani vilevile. Hawa wote hawana mshelisheli nyuma ya nyumba. Walikuwa na duka, na walipofungiwa walitegemea fedha iliyobaki mkononi. Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Wazee wetu waliiona zamani. Katika Vita Kuu ya Pili, Wajapani walipoichukua Burma mwaka 1942, mchele wa Burma uliokuwa ukilisha Visiwa hivi ulikatika. Serikali ya wakati ule ikahimiza watu kulima chakula, na mgao ukawekwa, nao ulipangwa kwa kabila la mtu, jambo ambalo liliacha uchungu mrefu kuliko njaa yenyewe. Muhogo ndio uliowavusha wengi. Na wale waliokuwa watu wazima katika miaka ya mwanzo ya 1970 hawahitaji kuambiwa na Katibu maana ya foleni ya unga na mchele. Kwa hivyo si mara moja wala mara mbili kwamba chakula cha meli kimetutupa mkono, na kila mara kilichotushika ni kile kilichokuwa kikiota kivulini, ambacho hakuna karani aliyekihesabu.

Hapana budi niseme na neno juu ya karafuu yenyewe, kwa sababu mwaka ule ilisemwa mengi. Watu walijifukiza kwa majani ya mwarobaini na mkaratusi, kwa mchaichai, tangawizi, ndimu na karafuu, na baadhi ya wanachama walifurahi, wakasema kwamba sasa dunia imeijua karafuu yetu. Karafuu ni mali nzuri. Mafuta yake yana eugenoli, nayo hutumiwa na madaktari wa meno kutuliza maumivu. Katika pilau na chai haina mfano wake. Lakini haikuthibitika kwamba yaponya korona, na chama cha wakulima kikiuza karafuu kwa maneno yasiyothibitika, siku ya pili maneno yetu ya kweli hayatasadikiwa. Tena sufuria ya maji yanayotokota chini ya shuka, na watoto wakicheza karibu, ni hatari kwa nafsi yake. Ugonjwa ule haukuwa mchezo. Tarehe 17 Februari 2021 alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, baada ya chama chake kutangaza kwamba ameugua korona, naye akaja kuzikwa kwao Mtambwe. Chanjo ilianza kutolewa nchini mwezi wa Julai 2021. Aliyejifukiza na akachanjwa hana ninalomlaumu. Aliyejifukiza akakataa chanjo kwa kuwa ana karafuu, huyo alidanganywa, na bahati mbaya ni kwamba alidanganywa kwa jina la mti wetu.

Sasa narudi katika shauri la kukata. Mkarafuu hauleti fedha kila mwezi. Huzaa sana mwaka mmoja, na mwaka mwingine hauzai kitu cha kutajwa, na kati ya msimu na msimu mwenye shamba hula nini? Anayesema kwamba atanunua mchele kwa fedha ya karafuu asema kweli ikiwa karafuu ipo, na fedha ipo, na meli ipo. Mwaka 2020 tuliona kwamba vitu hivyo vyaweza kukosekana kwa pamoja. Sipingi kupanda miche. Miche ipandwe, tena kwa wingi, kwani mikarafuu mingi ni mizee sana na inakufa. Lakini ipandwe pale ulipokufa mkarafuu, wala mshelisheli unaozaa usikatwe kwa sababu ya mche ambao utakaa miaka mingi kabla ya kutoa pishi moja.

Naomba mkutano mkuu ulipokee pendekezo hili. Daftari letu la mashamba lina safu ya mikarafuu mikubwa na safu ya miche, basi. Iongezwe safu ya tatu, ya minazi, mishelisheli, migomba na mashina ya muhogo. Na siku itakapozungumzwa habari ya kukata, wake wa wanachama nao waalikwe waseme, kwani wao ndio wanaojua mti upi ulilisha nyumba na kwa siku ngapi. Kazi ya kuhesabu Katibu yuko tayari kuianza, akipatiwa vijana wawili wa kumfuata.

Wanachama kadha wameniuliza namna ya kuweka makopa, kwa kuwa nyumba nyingi zilikuwa zimesahau. Njia niliyofunzwa ni hii. Muhogo uchimbwe siku ya jua, umenywe siku hiyohiyo, upasuliwe vipande virefu na mzizi wa kati utolewe. Ukiwa muhogo mchungu, sharti urowekwe kwanza siku tatu au nne na maji yake yamwagwe, kwani una sumu, na asiyeujua muhogo wake auhesabu kuwa mchungu. Vipande vianikwe juani mpaka vivunjike kwa mlio, vikipindika, bado. Usiku viingizwe ndani. Vilivyoota ukungu vitupwe. Makopa makavu huwekwa katika gunia lililoinuliwa juu ya sakafu, na hutwangwa kadiri ya bada ya siku ile tu, maana unga ukikaa huingia wadudu. Na jamvi la kuanikia liwe mbali na jamvi la karafuu, ama sivyo bada yote itanukia karafuu, na watoto hawataila.