Siku Sabini

Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilisanifiwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka, na zaidi ya asilimia 80 ya jozi hizo zilikusudiwa kuvaliwa Ulaya. Benki ya Dunia ilikopesha. Majengo yakasimama na kuta za alumini bila njia ya kupitisha hewa, kana kwamba jua la huku ni uvumi tu. Mashine zikaharibika, vipuri vikawa adimu, uzalishaji ukabaki ukizunguka kwenye asilimia 4 au 5 ya uwezo. Ulaya hakikufika kiatu hata kimoja. Mwaka 1990 uzalishaji ukasimama.

Wachumi wameisimulia sana habari hii, na wengi huishia hapo, kwenye mkopo uliopotea. Mimi naona mambo mazito yalianzia hapo. Morogoro, mji kasoro bahari, ulikuwa umejengwa upya kuzunguka viwanda: viatu, maturubai, nguo za Polytex, ngozi, magunia. Vijana walishuka kutoka Matombo na Mgeta, wengine wakaja kutoka mikoa ya mbali, kwa ahadi ya mshahara wa mwisho wa mwezi. Ruzuku ilipokatwa baada ya makubaliano na IMF mwaka 1986, na ubinafsishaji ulipofuata miaka ya 1990, barua za kupunguzwa kazi zikaanza kutoka. Baadhi ya viwanda vilipata wamiliki wapya. Cha nguo pale Kihonda kilifufuliwa. Vingine vikageuka maghala. Aliyeondoka aliambiwa neno moja ambalo anaambiwa hadi leo: jiajiri.

Tulihesabu neno hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayepunguzwa leo kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, lakini miaka inayohesabiwa haizidi 10. Kwa hiyo mtu wa miaka 10 na mtu wa miaka 30 kazini wanalingana: siku 70. Ongeza notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mwajiri anaweza kutoa zaidi, na michango ya hifadhi ya jamii ni hesabu nyingine yenye foleni yake, lakini kile ambacho sheria inakihakikisha mkononi ni miezi mitatu na kidogo. Humo humo mna kodi ya chumba, ada, na unga. Kinachobaki ndicho kinachoitwa mtaji.

Tena kiwanda hakimfundishi mtu biashara, wala hakimfundishi kazi nzima. Kinamfundisha kipande. Aliyekaa miaka 15 kwenye mashine ya kubandika soli hajawahi kununua ngozi, hajakata, hajapatana bei na mnunuzi. Wa maturubai hawezi kuipeleka nyumbani mashine yenye ukubwa wa chumba chake. Fundi viatu wa chini ya mwarobaini, mwenye sindano, nta na kiti cha miguu mitatu, alikuwa amemtangulia mbali. Na biashara ya nje ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984, mitumba ikamwagika sokoni. Viatu vilivyokwisha kuvaliwa Ulaya vikaja kuuzwa Morogoro, safari kinyume kabisa na ile iliyochorwa kwenye ramani za kiwanda.

Hata hivyo tatizo kubwa silioni kwenye mtaji wala ujuzi. Liko kwa mteja. Mama lishe wa nje ya geti hakupokea barua ya kupunguzwa, lakini naye alipunguzwa siku ile ile, kwa sababu sahani zake zililipwa na mshahara wa mle ndani. Mwenye genge aliyekopesha kwa daftari, fundi cherehani, mwenye nyumba za kupangisha, wote walikunywa kwenye kisima kimoja. Kisima kinapokauka, aliyefukuzwa anafungua genge mtaa ambao tayari una magenge manne, awauzie nyanya wenzake waliofukuzwa pamoja naye. Akishindwa, mtaa unasema hana nidhamu ya pesa. Wapo wasio nayo, sikatai. Lakini hata mwenye nidhamu hawezi kumuuzia mtu asiye na kitu.

Biashara iliyosimama imara hapa ni ile ambayo mnunuzi wake hakutegemea viwanda vya Morogoro. Tazama fuso zinazoteremka kutoka Mgeta zimesheheni kabichi, karoti na njegere. Zinapita mjini kuelekea Dar es Salaam, kilomita zipatazo 190, ambako kuna midomo isiyojua kama kiwanda cha ngozi kilifungwa. Ndizi za Kinole na viungo vya Matombo navyo vina njia zake za kutoka. Milima ya Uluguru, iliyotoa vijana kwenda viwandani, imekuwa na soko pana kuliko viwanda vyenyewe.

Mluguru aliyepunguzwa anaweza kupanda kurudi, maana shamba kwao hupita kwa ukoo wa mama, na mjomba akikubali atapata pa kulima. Vipande ni vidogo na miteremko imechoka, lakini ni mwanzo. Aliyetoka mbali kufuata kazi hana mjomba Mgeta. Yeye angeweza kuwa mchuuzi: anunue shambani, akodi nafasi kwenye gari, avumilie mzigo uozao njiani. Siku 70 hazitoshi, labda apate mali kauli, na mkulima hampi mali kauli asiyemjua.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwanamume wa miaka 55, mzima wa viungo, aliyetoka kiwandani, hana fungu humo. Anabaki na mikopo ya kausha damu. Ofisi iko barabarani, haina foleni, fomu ni ukurasa mmoja, televisheni inatosha kuwa dhamana, na rejesho la kwanza ni wiki ijayo.