Gonga Kwanza, Marumaru Baadaye

Nyumba ya mama yangu Sinza ni ya enzi za mradi wa viwanja wa miaka ya 1970, na sakafu yake ni saruji nyekundu iliyosuguliwa. Fundi alikuja na bei ya marumaru mkononi. Nikamwambia, "Fundi, bei baadaye, tugonge kwanza." Tukapita chumba kwa chumba na mpini wa nyundo. Palipolia kama debe tupu, saruji ya juu imeachana na zege. Hapo hubomolewa, hapafunikwi.

Unyevu nao una kipimo cha bure. Bandika kipande cha nailoni sakafuni, ziba kingo zote kwa selotepu, acha siku nzima. Ukikuta matone chini yake, maji yanapanda. Kwetu, ua ulijazwa kifusi hadi ukalingana na sakafu ya sebule! Kifusi kiliondolewa kwanza. Marumaru haikaushi nyumba.

Pima na milango: sakafu huinuka kama sentimita 2 hadi 3, na mlango wa mninga mkavu haukatwi kwa mzaha. Bafuni, mteremko uelekee tundu la maji. Nunua ziada ya asilimia 10, na kabla hujalipa, hakikisha boksi zote ni za toleo moja.