Madereva wa Bujumbura, tupisheni tuvuke!

Ndugu msomaji, uliyerejea kutoka Kasulu au uliyeshusha dagaa zako kutoka Kigoma, ukifika Bujumbura jifunze upya kuvuka barabara. Tanzania magari hupita kushoto, Burundi hupita kulia. Mama mwenye mzigo kichwani mbele ya soko la Ruvumera, Buyenzi, anatazama upande aliouzoea, kumbe gari linamjia kutoka upande wa pili. Na dereva hapunguzi mwendo. Anapiga honi tu, utadhani honi ni breki!

Isitoshe, magari mengi humu yana usukani wa kulia, kama ya Tanzania. Dereva akitaka kulipita lori haoni mbele mpaka nusu ya gari imeshatoka. Mwenye akili angesubiri; hawa wanabahatisha, na abiria wamo ndani.

Machi 2022 serikali ilizipiga marufuku pikipiki, bajaji na baiskeli za abiria katikati ya jiji, ikitaja ajali. Sawa. Lakini teksi na mabasi hayakuguswa, na waliokuwa wakipanda baiskeli wengi wao walibaki kutembea kwa miguu, ukingoni mwa barabara hizo hizo.