Wakimbizi wanapogeuka watafiti wa maisha yao wenyewe

ADHABU ya kaburi, walisema wahenga, aijuaye maiti. Hata hivyo, kwa muda mrefu wasomi wameandika kuhusu wakimbizi kana kwamba wao ndio waliolala kaburini. Mtafiti huja na maswali yake, hujaza daftari, kisha huabiri ndege na kurudi kwao. Mkimbizi hubaki pale pale, asijue masimulizi yake yaliishia wapi.

Katika miaka ya karibuni umeshika kasi mtindo tofauti, yaani utafiti shirikishi kwa njia ya sanaa. Katika mtindo huu mkimbizi si kitu cha kuchunguzwa bali ni mtafiti mwenza. Badala ya kujibu maswali yaliyotungwa na mgeni, yeye na wenzake huchora, huandika mashairi, hupiga picha au huigiza, kisha hujadili kwa pamoja maana ya walichokitunga.

Mfano mmoja ulio karibu nasi ni wa hapa Nairobi. Mnamo Februari 2014 Rais Yoweri Museveni wa Uganda alitia saini sheria iliyoweka kifungo cha maisha kwa baadhi ya makosa ya mapenzi ya jinsia moja. Ingawa Mahakama ya Kikatiba iliibatilisha Agosti mwaka huo huo, kwa sababu ilipitishwa bungeni bila akidi kutimia, watu wengi walikuwa tayari wamevuka mpaka kuingia Kenya.

Huku nako hawakupokewa kwa zulia jekundu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ingali inaharamisha vitendo hivyo, na mnamo Mei 24, 2019, Mahakama Kuu ilikataa kufutilia mbali vifungu husika. Baadhi ya wakimbizi hao walipelekwa kambini Kakuma, ilhali wengine waliishi Nairobi kwa makundi, wakichangia chakula na kodi ya nyumba.

Kundi mojawapo lililoanzishwa na wakimbizi wenyewe, The Nature Network, lilishirikiana na wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, Adriaan van Klinken na Johanna Stiebert. Tunda la ushirikiano huo ni kitabu kiitwacho Sacred Queer Stories, kilichochapishwa mwaka wa 2021. Viongozi wawili wa kundi hilo wametajwa kuwa waandishi, sawa na wasomi hao.

Kazi yenyewe ilihusisha mambo mawili. Kwanza, washiriki walisimulia maisha yao. Pili, walisoma pamoja visa vya Biblia, kikiwemo cha Danieli katika tundu la simba na kile cha mwanamke aliyefumaniwa akizini, kisha wakaviigiza upya kwa mintarafu ya maisha yao. Katika mchezo wa pili, wanaoburutwa mbele ya Yesu ni wanaume walioshtakiwa kwa uchafu.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini Biblia? Jibu ni kwamba wengi wao walilelewa kanisani, na kitabu hicho hicho ndicho walichosomewa walipokuwa wakilaaniwa. Kukisoma upya kwa macho yao ni kudai nafasi katika imani ambayo hawakuiacha mpakani.

Kuna sababu nyingine ya kutumia sanaa. Tangu siku anapoomba hifadhi, mkimbizi hulazimika kusimulia mateso yake mbele ya maafisa mara kwa mara. Tarehe zikigongana, anaweza kuonekana mwongo. Masimulizi hugeuka tiketi, naye hujifunza kusema yale tu yanayotarajiwa. Katika maigizo, kinyume chake, ana ruhusa ya kucheka, kumwigiza mtesi wake, na hata kubadili mwisho wa kisa.

Hata hivyo, sanaa nayo ina hatari zake. Mchezo ukirekodiwa kwa video, sura hubaki hata mshiriki akibadili nia. Mnamo Mei 2023 Uganda ilipata sheria nyingine, inayoruhusu hata hukumu ya kifo kwa baadhi ya makosa, na Aprili 2024 Mahakama ya Kikatiba ikaidhinisha sehemu yake kubwa. Picha iliyoonekana salama jana yaweza kumponza mtu leo, au jamaa zake waliobaki nyumbani.

Kwa hivyo ridhaa haipaswi kuwa sahihi ya siku moja. Mshiriki anafaa kuulizwa tena kabla ya kazi kuonyeshwa, aruhusiwe kuficha jina na uso, na aambiwe bayana kwamba kuigiza hakutamharakishia safari ya kuhamishiwa nchi nyingine. Kadhalika, malipo na sifa zigawanywe kwa haki.

Mtindo huu haujafungua mpaka wala kufuta sheria yoyote. Ulichofanya ni kumrudishia mkimbizi haki ya kuamua ni kipi kitasemwa juu yake, na ni kipi atakiweka moyoni.