Picha Ileile Tena? Vijana Wetu na Muvi Zinazorudiwa



Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya jambo linaloleta ubishi katika nyumba nyingi, nalo ni muvi. Tunasema zile za vijana: mambo ya shule, urafiki, ugomvi na mapenzi ya kwanza. Kampuni kubwa za Marekani zinaitoa picha, inapendwa, halafu baada ya miaka ishirini au zaidi zinaitengeneza upya kwa sura mpya. Wazazi wanasema wazungu wameishiwa hadithi. Vijana wanasema ile ya zamani imechakaa, haifai kuangaliwa. Je, kampuni hizo ziendelee kurudia, au ziache?

Sisi tunaona inafaa kwanza kuuliza wamebakiza nini na wametupa nini. Tutaeleza kwa mfano mmoja ambao wazazi wengi na watoto wengi wanaujua.

MTOTO MGENI NA MZEE FUNDI

The Karate Kid ilitoka mwaka 1984. Kijana Daniel anahama na mama yake kutoka New Jersey hadi California kwa sababu mama amepata kazi huko. Hana rafiki, na vijana wa pale wanampiga. Anayemwokoa ni mzee Miyagi, Mjapani ambaye ni fundi wa kutengeneza vilivyoharibika katika nyumba za kupanga. Mzee anampa kazi ya kung'arisha magari na kupaka rangi ua kutwa nzima, mpaka kijana anakasirika. Kumbe mikono yake ilikuwa inajifunza kukinga ngumi!

Mwaka 2010 ikatengenezwa upya. Safari hii steringi ni Jaden Smith, anayeigiza mtoto mweusi wa miaka 12 aitwaye Dre. Anatoka Detroit na mama yake mjane, wanahamia Beijing, China. Mzee ni Jackie Chan, anaitwa Han. Anachofundisha ni kung fu wala siyo karate, lakini jina la zamani halikubadilishwa.

Hebu tuangalie hadithi hiyo kwa macho yetu. Mtoto amepelekwa mahali ambapo hakuchagua. Haelewi anachoambiwa, chakula ni kingine, wenzake wanamcheka, na mama anarudi kazini amechoka hata hana nguvu za kumsikiliza. Nani kati yetu hajamwona mtoto huyo? Ni yule aliyetoka Kongo akaingia darasa la Mbale, wenzake wanaongea Kigisu na Kiganda, mwalimu anafundisha kwa Kiingereza, naye Kifaransa chake hakimsaidii kitu. Hapo picha ya 2010 imeongeza jambo la kweli. Daniel alihama jimbo tu, lugha ilikuwa ileile. Dre amevuka bahari.

KWA NINI WANARUDIA?

Jibu ni pesa, tusizunguke. Picha ya 1984 iligharimu takriban dola milioni 8, ikaingiza takriban milioni 90 Marekani peke yake. Ile ya 2010 iligharimu takriban milioni 40, ikaingiza zaidi ya milioni 350 duniani kote. Mean Girls ya 2004, juu ya wasichana wa sekondari wanaooneana, ilirudi mwaka 2024 ikiwa na nyimbo, nayo ikapita milioni 100.

Sasa linganisheni na Queen of Katwe ya 2016. Hiyo haikurudiwa kutoka popote. Ni habari ya kweli ya Phiona Mutesi, binti wa Katwe hapo Kampala aliyeuza mahindi barabarani akawa bingwa wa mchezo wa chesi. Mwongozaji alikuwa Mira Nair, kampuni ni Disney. Iligharimu takriban dola milioni 15, ikarudisha takriban milioni 10 tu. Yaani binti wa Uganda alileta hasara, na jina la zamani likaleta faida. Mfanyabiashara akiweka hesabu hizo mezani, mnadhani atachagua nini? Jina linalojulikana linajitangaza lenyewe. Mzazi aliyeipenda akiwa kijana atamshika mkono mtoto wake wakaangalie pamoja.

KURUDIA SI KOSA

Lakini tusiwe wepesi wa kulaumu. Sisi wenyewe ni watu wa kurudia. Hadithi ya sungura na fisi tuliisikia kwa bibi, naye aliisikia kwa bibi yake, na hakuna aliyelalamika kwamba hiyo ni ya zamani. Mwalimu Nyerere alichukua mchezo wa Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi akautafsiri mwaka 1969, akauita Mabepari wa Venisi. Angalieni neno hilo, mabepari. Hadithi ni ya Mwingereza, jina ni la Tanzania ya miaka ile ya Azimio la Arusha.

Hapa Mbale, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, tunasikia ngoma za kadodi, na mwezi wa Agosti Wagisu wanakusanyika uwanja wa Mutoto kufungua msimu wa imbalu. Wimbo ni wa zamani, hatua za kucheza ni za zamani. Lakini kijana anayesimama mbele ya watu ni mpya, na hakuna anayetahiriwa kwa niaba ya baba yake. Kila mmoja anasimama kwa mwili wake.

Na vibandani je? Huko hakuna picha inayobaki kama ilivyotoka Marekani. VJ Jingo na wenzake wanaisimulia kwa Kiganda juu ya sauti ya waigizaji. Kenya yuko DJ Afro, na Tanzania Lufufu alivuma sana enzi zake. Adui anapewa jina la mtaani, steringi anapewa methali ambayo hajawahi kuisikia maishani mwake, na watu wanacheka mahali ambapo Hollywood haikupanga kicheko. Huko nako ni kutengeneza upya, tena bila dola milioni 40.

KILICHOTUPWA NJIANI

Basi kama kurudia si kosa, tatizo liko wapi? Turudi kwa mzee Miyagi.

Katika picha ya 1984, usiku mmoja Daniel anamkuta mzee amelewa, amevaa sare yake ya jeshi. Kuna telegramu ya zamani. Kijana anaisoma, ndipo anapoelewa. Katika Vita Kuu ya Pili, wakati Miyagi alipokuwa Ulaya akiipigania Marekani, mke wake alikuwa amewekwa katika kambi ya Manzanar, California. Alifariki akijifungua, na mtoto akafa pia.

Kambi hiyo haikutungwa na mwandishi. Kuanzia mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwatoa majumbani watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani, wengi wao raia wa nchi hiyohiyo, ikawaweka kambini nyuma ya seng'enge kwa sababu ya asili yao tu.

Na mwigizaji mwenyewe, Pat Morita, alikuwa mtoto wa kambi. Alizaliwa California mwaka 1932. Alilazwa miaka mingi kwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na alipopona, akiwa na miaka 11, alitolewa hospitali akapelekwa kuungana na wazazi wake katika kambi ya Gila River, Arizona. Alipoyatoa machozi yale mbele ya kamera hakuhitaji kuelezwa kambi ni nini.

Wakubwa wa kampuni walitaka kipande hicho kikatwe, wakiona kinachelewesha picha. Mwongozaji John Avildsen akakibakiza. Kwa kazi ile Morita alipendekezwa kwa tuzo ya Oscar mwaka 1985. Hakuipata, ila aliyeipata alikuwa Haing Ngor, daktari wa Kambodia aliyeokoka mauaji ya nchi yake na kukimbilia kambi ya wakimbizi Thailand. Fikirini, ndugu zetu: watu wawili waliojua maisha ya kambi walisimama katika kinyang'anyiro kimoja.

Sasa picha ya 2010. Mafunzo yamo, shindano la mwisho limo, na usiku wa mzee kulia umo. Kambi haimo. Mzee Han analilia mke na mtoto wake waliokufa katika ajali ya gari ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiendesha. Inasikitisha kweli, na Jackie Chan ameiigiza vizuri. Lakini ajali ni mkosi wa mtu na familia yake. Kambi ina aliyetoa amri, ina waliofunga lango, na ina majirani waliokaa kimya. Mtoto anayeangalia picha ya 2010 anajifunza kumhurumia mzee. Anayeangalia ya 1984 anamhurumia, halafu anauliza, "Kwani nani aliwafanyia hivyo?"

Tunaelewa kwamba hadithi ikihamia China, Manzanar haiwezi kuifuata. Ila China nayo ina wazee walionyang'anywa familia zao na vita. Wangetafuta, wangepata.

MSIMAMO WETU

Kwa hiyo sisi tunasema warudie. Mwaka 2025 imetoka nyingine, Karate Kid: Legends, ambamo kijana anatoka Beijing kwenda New York na mama yake. Mtoto anayehama na mama bado yumo, na sisi tunafurahi kumwona, maana watoto kama hao hawajaisha duniani. Lakini anayerudia alete uchungu wake mwenyewe, asilete mateke peke yake. Mateke ni rahisi kunakili. Kinachorukwa mapema ni kile kilichouma zaidi, kwa sababu hakiuzi kama mateke.

Na ninyi vijana wetu mnaojirekodi kwa simu mkiigiza muvi, hili ni lenu pia. Huko Kakuma, kuanzia mwaka 2001, shirika la FilmAid lilionyesha sinema kwenye kitambaa kikubwa, na baadaye likawafundisha vijana wakimbizi kutengeneza picha zao wenyewe. Kwa hiyo msiseme haiwezekani. Mkiirudia Karate Kid pale Nabuyonga, steringi abebe madebe ya maji badala ya kung'arisha magari. Mto uwemo, pamoja na ile Julai ya 2022 ulipofurika ukaua watu mjini. Foleni iwemo. Na mzee awemo.

Wazee akina Miyagi wamo katika kila mtaa wetu. Pengine ni fundi viatu, pengine ni mlinzi wa usiku ambaye alikotoka alikuwa mwalimu. Mwulizeni kwa adabu. Akikataa kusema, mwacheni, mkaribisheni chai.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Mkiangalia picha iliyorudiwa, wakubwa kwa wadogo, jaribuni haya:

1. Mtoto huyu ametoka wapi, na ni nani aliyeamua ahame?
2. Mzee analia kwa ajili gani? Kuna mtu wa kuulizwa?
3. Picha mpya imeongeza nini, na imeacha nini cha ile ya zamani?
4. Kama ingekuwa habari yetu sisi, ni kipande gani ambacho tusingekubali kikatwe?

Swali la nne ndilo kubwa. Wazazi, msiwaachie watoto peke yao kulijibu. Kuna mambo wao walikuwa wadogo mno kuyakumbuka, na VJ hawezi kuwasimulia.

Tukutane tena mwezi ujao, Mungu akipenda.