Nafsi Nayo Yastahili Pole

Ni vigumu kupata neno litumikalo zaidi visiwani mwetu kuliko pole. Mpita njia akijikwaa hupewa pole na mtu asiyemjua. Mchukuzi aliyeelemewa na gunia hupewa, na hata aliyeshuka salama bandarini hupewa pole ya safari. Lakini katika ukarimu wote huo yuko mmoja tunayemsahau, naye ni nafsi zetu wenyewe. Hiyo twaitukana mchana kutwa: jinga, zembe, haina bahati.

Tunayasema haya kwa sababu ya yaliyowafika akina mama wanaolima mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja na sehemu za Pemba. Kilimo hicho cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na fedha zake zimejenga nyumba na kusomesha watoto. Baadaye mwani wa aina ya kotonii, ambao ndio wenye bei nzuri, ukaanza kufa mahali pengi. Maji ya kina kifupi yakipata joto kupita kiasi, au mvua kubwa ikiyapunguzia chumvi, matawi hugeuka meupe, hulainika na kukatika. Mama huingia baharini maji yakikupwa wakati wa bamvua, akakuta kamba tupu. Neno la kwanza analojiambia ni kuwa hakufunga vizuri, au alichelewa kuvuna, au mkono wake hauna baraka. Shamba la jirani limekufa vilevile, na jirani huyo amekwisha kumpa pole. Yake mwenyewe haikuja.

Wapo watakaosema kuwa kuihurumia nafsi ni kuulea uvivu. La hasha! Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Kristin Neff, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 2003, alilieleza kwa mambo matatu: kujitendea kwa upole badala ya kujihukumu, kukumbuka kuwa mashaka ni fungu la wanadamu wote, na kuyatazama maumivu kama yalivyo bila ya kuyaficha wala kuyakuza. Hamna katika hayo ruhusa ya kulala. Na Waislamu wa visiwa hivi hawakuhitaji kungoja mwaka huo. Kisa cha Salman na Abu Dardaa, aliyeidhiki nafsi yake kwa kufunga na kukesha hata akakumbushwa kuwa nayo ina haki juu yake, si kigeni katika darasa za misikitini.

Mazoezi yake huanza na mambo madogo. Kamba ikitoka tupu, mama na ajiulize kwa sauti ile ile ambayo angemuulizia shoga yake: mvua ilinyesha lini, maji yalikuwaje, mbegu ilitoka wapi? Likionekana kosa la mkono, lirekebishwe bamvua lijalo. Lililo la bahari liachiwe bahari. Na mgongo ulioinama majini kwa saa kadhaa upewe siku yake ya kupumzika, bila ya mwenyewe kujiita goigoi. (Sisi tunaoandika tumekaa vitini twapumzika zaidi ya hapo, wala hatujiiti.)

Kwa viongozi tuna neno zito zaidi. Afisa anayesimama ufukweni akawaambia wakulima kuwa mavuno yameshuka kwa uzembe wao, huwaongezea lawama ambayo tayari wamejitwika, na tena huifunika sababu yenyewe. Wataalamu wamekwisha kushauri kuwa kotonii ipelekwe kwenye maji ya kina kirefu, yasiyopata joto upesi. Huko kwahitaji vyombo, na akina mama wengi hawajui kuogelea kwa kuwa hawakufundishwa. Asiyethubutu kwenda huko asijione mwoga. Vyombo na mafunzo ya kuogelea ni mambo ya bajeti, na huko ndiko swali hili linakopaswa kupelekwa.