Siku 60 za kimya, na fleti zimeota kando ya mikoko

Siku nyingine ukivuka daraja la Nyali ukitoka kisiwani, weka simu kando kidogo utupe macho kushoto. Yale maji yanayoingia ndani mpaka yanapotelea ni mkono wa bahari wa Tudor. Kulia kwako ni upande wa Bandari ya Kale na Mji wa Kale. Sasa fikiria: chochote kinachomwagwa kule ndani, maji yakipwa, kinawapitia mlangoni wavuvi wa Mji wa Kale ndipo kifike bahari kuu. Kwa hivyo usiseme mambo ya Tudor ni ya watu wa Tudor.

Huko ndani ndiko kuliko na mikoko. Ama niseme, ndiko ilikokuwa mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya 1992 na 2009 Tudor ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake. Si fleti zilizoimaliza. Watu walikata kuni na boriti, na mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope likafukia mizizi ikashindwa kupumua. Lakini mikoko ikishakufa, pale mahali huanza kuitwa "kiwanja kitupu". Na kiwanja kitupu Mombasa, wewe wajua, hakikai kitupu.

Msinione adui wa nyumba. Kisiwa hakiongezeki, kodi inaongezeka, na vijana wangapi tunalala watu wanne chumba kimoja? Nyumba zinatakikana. Mtaa wa Buxton ulivunjwa ili zijengwe nyumba zaidi ya 1,800, na kabla ya hapo wapangaji wa zamani walikwenda mahakamani. Walisikizwa hata kama hawakupata yote waliyotaka. Pale kulikuwa na watu wa kulalamika. Mikoko haina wapangaji. Kaa na kamba hawana wakili.

Ndiyo maana lazima ujue kaunti inavyokagua ombi la ujenzi.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema hivi: anayetaka kujenga apeleke ombi kwa kaunti, na autangazie umma ili mwenye pingamizi alete. Kaunti nayo inaziuliza ofisi nyingine maoni yao, kama vile za barabara, afya na mazingira. Hapo sawa. Lakini kuna kipengee kimoja hapo ambacho nilikisoma mara tatu. Mwombaji akikaa siku 60 bila jibu la maandishi, ruhusa inahesabika imetolewa. Yaani kaunti ikinyamaza, imekubali. Faili likikaliwa na mtu ofisini, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, mwenye ploti anaamka na kibali.

Nijuavyo mimi, kipengee kile kiliwekwa ili watu wasizungushwe na makarani miaka nenda miaka rudi, na hilo ni jambo la maana. Kwa mtu anayejenga chumba na choo Majengo, ni nafuu kubwa. Kwa fleti za ghorofa kumi kando ya maji, mimi naona ni hatari.

Bahati nzuri kuna mlango wa pili. Kibali cha kaunti hakitoshi. Karibu na ardhi oevu, au ufukweni, lazima pia NEMA itoe leseni baada ya mradi kufanyiwa tathmini ya mazingira. Kwa miradi mikubwa NEMA hutangaza gazetini na katika gazeti rasmi la serikali, na umma hupewa siku 30 kuleta maoni. Ilani yenyewe huwa kwa Kiingereza, herufi ndogo kama za karatasi ya dawa. Mimi chuo nilikiacha njiani, na bado nazisoma, nawe utaweza. Leseni ikishatolewa na hukuridhika, una siku 60 kukata rufaa kwa Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira.

Na kuna jambo la hati. Mikoko ya pwani yetu ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932, enzi za mkoloni, na ikatangazwa tena 1964. Kwa hivyo mtu akikuuzia fleti "yenye mandhari ya bahari", muulize ploti ilitoka wapi. Usiniambie ana hati. Mwaka 2017 kaunti ya Mombasa ilibomoa ukuta wa kampuni moja huko Nyali, ikisema ile ni njia ya umma ya kuendea ufuo. Kampuni ilikuwa na hati, ilinunua kwa pesa zake. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na mwezi Aprili 2023 majaji wakasema kwamba ikiwa ardhi ya umma iligawiwa mwanzoni kinyume cha sheria, aliyeinunua baadaye hana kinga. Wewe unayekatwa mkopo wa nyumba miaka 20, hiyo hukumu ni yako.

Nikipata nafasi ya kuuliza swali moja tu katika mkutano wa umma, sitauliza habari za ndege wala utalii. Nitauliza: majitaka yataelekea wapi? Sehemu kubwa ya kisiwa haina bomba la majitaka. Tunategemea mashimo, na mashimo yakijaa huitwa lori la kunyonya. Fleti mia zikiwekwa kando ya mkono wa bahari, shimo lake likichimbwa pale ambapo maji ya bamvua hufika, utajua jibu kwa pua yako kabla ya kulisoma kwenye ripoti. Mwekezaji akijibu "tutaunganisha baadaye", omba aandike hivyo, na tarehe.

Pingamizi lenyewe si kazi ya profesa. Ukurasa mmoja unatosha: jina lako, namba ya ploti iliyo kwenye ilani, unachopinga na kwa nini. Siku ya mwisho huandikwa kwenye ilani. Ipeleke kwa idara ya kaunti inayoshughulikia mipango ya ardhi, ubaki na nakala, na usiondoke dirishani mpaka wakugongee muhuri wenye tarehe.